Wimbo Ulionyimwa Uraia kwa Miaka 22

Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni nachambua mchele, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, nikisikiliza "Dongbaek Agassi", wimbo wa mwimbaji mkongwe wa Korea Kusini, Lee Mi-ja, kama nifanyavyo kila ninapokuwa na kazi ya mikono inayotaka utulivu. Binti wa kaka yangu aliingia kuchukua maji. Yuko kidato cha tatu, amejifundisha mwenyewe kusoma herufi za Kikorea, na vikundi vya vijana vya Seoul anavijua kwa majina ya wanachama, tarehe zao za kuzaliwa na rangi za nywele zao za mwaka huu. Alisimama mlangoni akasikiliza kama nusu dakika, kisha akasema, "Shangazi, huo si wa Kikorea. Huo mlio ni wa Kijapani." Akanywa maji yake, akaenda zake.

Nilibaki na ungo mapajani, moyo umenipanda. Sikumkasirikia mtoto, kwa sababu hakusema kwa ubaya, na wala hajui kwamba kwa maneno yale machache alikuwa amerudia neno kwa neno hukumu ambayo serikali ya Korea Kusini iliitoa mwaka 1965 dhidi ya wimbo huohuo. Kilichonichoma ni kuona kwamba hukumu ile ilikwisha kufutwa kabla hata mama yake hajaolewa, na bado inatembea, imevuka bahari, imefika mpaka jikoni kwangu. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Wengi wetu tumeifahamu Korea kwa tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, na watoto wetu wameifahamu kwa muziki wa vijana. Si vibaya, lakini kati ya hayo yote limeachwa pengo kubwa mahali walipopaswa kuwa wazee wa muziki huo, na katika pengo hilo Lee Mi-ja ndiye ninayemwona kwanza. Alizaliwa Seoul mwaka 1941, nchi ikiwa chini ya Wajapani. Alipokuwa na umri wa miaka miwili baba yake alichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi Japani, kama walivyochukuliwa wanaume wengi wa Korea wakati wa vita, na mama, aliposhindwa kubeba mzigo wa nyumba peke yake, akampeleka mtoto kulelewa kwa bibi. Naomba msomaji akihifadhi kitu hiki kimoja, kwa sababu nitakirudia: mtoto huyu Japani ilimnyang'anya baba kabla hajajua kusema vizuri.

Alianza kuonekana akiwa bado mwanafunzi wa shule, katika shindano la kuimba la televisheni, siku ambazo televisheni yenyewe ilikuwa kitu kigeni mjini Seoul. Mtunzi Na Hwa-rang akamsikia, akampa wimbo, na mwaka 1959 sahani yake ya kwanza ikatoka, "Yeolahop Sunjeong", wimbo wa moyo safi wa msichana wa miaka kumi na tisa. Miaka mitano baadaye ukaja huu uliozua ugomvi jikoni kwangu. Ulitungwa na Paek Young-ho, mwenyeji wa Busan, kwa ajili ya filamu ya 1964 yenye jina hilohilo, ambalo maana yake ni Binti wa Kamelia: msichana wa kisiwani anampenda mwanafunzi kutoka Seoul, mwanafunzi anamwachia mimba na kuondoka, naye anamfuata mjini, anaishia kuwapokea wanaume kwenye baa. Kamelia ni ua jekundu la visiwa na pwani za kusini ya Korea, ambalo huchanua wakati wa baridi, na likifika siku zake halipukutishi petali moja moja bali hudondoka zima zima.

Wakati wa kuurekodi, Lee Mi-ja alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Ilikuwa kiangazi, studio haina kipoza hewa, na feni isingeweza kuwashwa kwa sababu maikrofoni ingeimeza sauti yake. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyoimba miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya barafu. Kila ninapousikiliza ninaiona miguu ile, imevimba kama inavyovimba miguu ya mwanamke aliyekaribia siku zake, imetulia ndani ya maji yanayozizima, na juu yake sauti inapanda taratibu, haina hata chembe ya taharuki. Mwanamke mjamzito akiimba habari za mwanamke aliyeachwa na mimba. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule naye alikuja kuwa mwimbaji.

Wimbo ule ulienea kama moto wa nyika. Ulikaa kileleni mwa chati kwa wiki 35, na sahani zake zilinunuliwa kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana katika nchi iliyokuwa bado maskini, ambayo nyumba nyingi hazikuwa na kinanda cha sahani. Walioununua na kuuimba walikuwa wasichana waliotoka vijijini kwenda kwenye viwanda vya nguo na nyumba za watu, wakina mama wa sokoni, wajane wa vita vya Korea vilivyokuwa vimekwisha miaka kumi na moja tu kabla. Walijiona mle ndani. Kisha, mwishoni mwa 1965, ukapigwa marufuku redioni, na baadaye hata kuchapisha na kuuza sahani yake kukakatazwa. Sababu iliyotolewa iliandikwa kwa neno moja, *waesaek*, yaani rangi ya Kijapani. Wimbo ulikuwa na harufu ya Japani, kwa hiyo haukufaa kusikiwa na Mkorea.

Hapa ndipo ninaposhindwa kuwa mpole. Tuutazame mwaka wenyewe. Juni 22, 1965, serikali ya Rais Park Chung-hee ilitia saini mkataba wa kurudisha uhusiano na Japani, na ndani ya mkataba huo kulikuwa na msaada wa dola milioni 300 na mikopo ya dola milioni 200. Mwaka mmoja nyuma wanafunzi walikuwa wamejaa mitaani wakiupinga, kwa kuwa waliona miaka 35 ya kutawaliwa inauzwa kwa bei ya kutupa, na serikali ilikuwa imewajibu kwa kutangaza sheria ya kijeshi jijini Seoul. Rais mwenyewe alikuwa ofisa wa zamani wa jeshi la Manchukuo, dola iliyowekwa na Japani kule Manchuria, aliyehitimu katika chuo cha kijeshi cha Japani na kubeba jina la Kijapani. Serikali ya namna hiyo, yenye mikono iliyokwisha kusaini na kupokea, ilihitaji kuuonyesha umma kwamba inaichukia Japani, na ikatafuta mahali pa kuonyeshea ambapo haitagharimika chochote. Ikampata mwanamke wa miaka 24 na wimbo wake. Siamini, na sitaamini, kwamba suala lilikuwa muziki. Waliosaini mkataba wakaendelea kuwa Wakorea, na aliyenyang'anywa baba na Japani akaambiwa kwamba sauti yake ni ya Kijapani.

Wakorea husimulia tena kwamba Park Chung-hee mwenyewe aliupenda wimbo huo, na kwamba Lee Mi-ja alipoalikwa kuimba Ikulu aliombwa auimbe, marufuku ikiwa bado inafanya kazi nje ya geti. Kwa hiyo kuna chumba kimoja katika nchi nzima ambamo wimbo haukuwa na rangi ya Kijapani, na chumba hicho kilikuwa cha Rais. Mama wa sokoni Busan aliyetaka kuusikia redioni wakati akipanga samaki wake hakuruhusiwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mtoto wa kaka yangu ana sikio. Alichokisikia kipo. Nyimbo za aina hii, ambazo Wakorea huziita troti, hutumia ngazi ya noti tano, noti ya nne na ya saba zikiwa zimeachwa, na ngazi hiyohiyo ndiyo iliyo katika enka, nyimbo za huzuni za Wajapani. Mapigo yake mawili mawili ndiyo yaliyofanya watu wauite muziki huu *ppongjjak*, kwa kuigiza mlio wake, jina ambalo kwa muda mrefu lilikuwa la dharau. Troti ilizaliwa katika miaka ya 1920 na 1930, wakati kampuni za sahani zilikuwa za Kijapani na watunzi wengi wa Korea walisomea muziki Japani. Hakuna anayeweza kulikana hilo. Lakini mto ule haukutiririka upande mmoja. Koga Masao, anayehesabiwa na Wajapani kuwa baba wa nyimbo zao za aina hiyo, alikulia Korea tangu akiwa mtoto mdogo hadi ujana wake, na masikio yake yalifunguka huko. Na kama mlio wa troti ulikuwa wa mtawala, mbona mtawala mwenyewe aliuogopa? Mwaka 1935 Lee Nan-young alipoimba "Mokpo-ui Nunmul", Machozi ya Mokpo, maneno ya wimbo yalibidi yafichwe ili yapite kwenye udhibiti wa Wajapani, kwa kuwa yaligusa kinyongo cha miaka 300 tangu Japani ilipoivamia Korea mwaka 1592. Watu walielewa, wakalia nao.

Sisi wa pwani tunapaswa kuwa wa mwisho kuamini hoja ya ngazi ya noti. Taarabu iliingia Unguja kutoka Misri, kwa ala za Misri na kwa lugha ya Kiarabu, ndani ya jumba la sultani. Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili, mwaka 1928 akaenda kuirekodi Bombay, na tangu hapo ni nani aliyethubutu kumwambia mwanamke wa Ng'ambo kwamba machozi yale si yake kwa sababu ala ya kanuni ni ya Waarabu? Aliyelia ndani ya wimbo ndiye mwenye wimbo.

Marufuku haikuishia kwa Binti wa Kamelia. "Seommaeul Seonsaengnim", wimbo wa msichana wa kijijini anayempenda mwalimu aliyetoka mjini, nao ulifungiwa kwa madai ya kuigwa. "Gireogi Appa" ulifungiwa kwa sababu ulihuzunisha mno. Serikali ilikuwa inajenga barabara na viwanda na kuamka na nyimbo za maendeleo, na huzuni ikahesabiwa kuwa uzembe. Mwaka 1975 nyimbo zaidi ya mia mbili zikafagiliwa kwa pamoja, za vijana wa gitaa zikichanganywa na za wazee. Nyimbo tatu kubwa kuliko zote za Lee Mi-ja zilikuwa haramu hadharani, naye akaendelea kupanda jukwaani na kuimba nyingine, huku watu wakiziimba zile tatu majumbani na kwenye vilabu vya pombe. Ruhusa ilirudi mwaka 1987, baada ya wananchi kujaa mitaani mwezi Juni na kuulazimisha utawala wa kijeshi ukubali uchaguzi. Ilikuwa imepita miaka 22. Alifungiwa akiwa na miaka 24, akafunguliwa akiwa na 45, na hakuna aliyeweza kumrudishia sauti ya umri uliokuwa katikati.

Mtu angedhani dharau ingekoma hapo. Mwaka 1989 alitimiza miaka thelathini ya kuimba, akataka kufanya onyesho katika ukumbi wa Sejong, katikati ya Seoul, ukumbi uliozoea okestra na opera. Wasimamizi wake wakapinga. Hofu yao, kama alivyokuja kuieleza, ilikuwa kwamba akiimba yeye wataingia watu wa *gomusin*, na hadhi ya ukumbi itashuka. *Gomusin* ni vile viatu vya mpira vya bei nafuu, vyenye ncha iliyoinuka kidogo mbele, walivyovaa watu wa kawaida miaka yote ya dhiki. Nimeitazama picha ya jozi moja kwa muda mrefu. Mpira wake ni mweupe uliofifia, ukingo umechakaa pale kisigino kinapoingilia, na ndani unaona alama ya vidole vya mtu aliyevitembelea miaka mingi. Hicho ndicho kilichoogopwa. Hata katika nchi iliyokwisha kuandaa Olimpiki, palikuwa na waliosumbuliwa na wazo la viatu vile kukanyaga zulia. Onyesho lilifanyika, na wenye viatu vile waliingia.

Ninaposema nampenda huwa naulizwa ana nini cha pekee, na jibu langu ni kwamba hafanyi kitu. Mtazameni akiimba. Wengi katika troti huipamba sauti kwa mbinu wanayoiita *kkeokki*, kuikunja na kuivunja sauti katikati ya silabi, na wengine huikunja mpaka wimbo unapotea ndani ya mikunjo. Lee Mi-ja huikunja pale tu maneno yanapoumia, tena kidogo, kama mtu anayemeza mate ili asilie mbele za watu. Anasimama wima, mkono mmoja umeshika maikrofoni na mwingine umetulia, hachezi, hapepesi macho kuwatafuta watazamaji, na alifika uzeeni akiwa bado anaziimba nyimbo zake kwa kiwango kilekile cha juu alichozirekodia ujanani. Huzuni yote inabaki kwenye sauti, haina pengine pa kukimbilia.

Sauti hiyo aliibeba mpaka Vietnam, kuwaimbia askari wa Korea, ambao kwa jumla walipelekwa kule takriban laki tatu na ishirini elfu. Septemba 2002 aliimba Pyongyang, mbele ya Wakorea ambao hawakuwa wamewahi kufungiwa wimbo wake kwa sababu hawakuwahi kuruhusiwa kuusikia. Mwaka 2013 alikwenda Frankfurt kuwaimbia waliokuwa wachimba makaa ya mawe na wauguzi, Wakorea waliopelekwa Ujerumani Magharibi tangu miaka ya 1960 ili mishahara yao ilishe ndugu nyumbani, na wengi wakazeekea hukohuko. Wasomaji wangu walioko Muscat na Minneapolis hawahitaji maelezo ya jinsi wimbo wa nyumbani unavyomfanya mtu aliyeshika ndoo na dekio saa kumi za alfajiri.

Leo troti imekuwa biashara kubwa. Tangu shindano la televisheni la mwaka 2019 lililompa ushindi Song Ga-in, na la 2020 lililomwinua Lim Young-woong, vijana wanaiimba wakiwa wamevaa mavazi ya kumetameta, na bibi zao wanawafuata kama vijana wanavyofuata vikundi vyao. Ninafurahi, ingawa Lee Mi-ja mwenyewe hapendi hata kuitwa mwimbaji wa troti. Yeye huziita nyimbo zake nyimbo za jadi, na miaka mingi amesema kwamba zinapaswa kubeba machozi ya watu walioishi enzi zake, si kupigwa kwa ajili ya kuruka tu. Ninamwelewa mtu aliyetukanwa kwa jina fulani akikataa kulivaa siku lilipogeuka kuwa la fahari.

Mwaka 2023 serikali ilimtunuku Nishani ya Utamaduni ya Taji la Dhahabu, daraja la juu kuliko zote katika sanaa, na akawa mtu wa kwanza wa muziki wa watu kuipata. Tarehe 26 na 27 Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 83, alirudi katika ukumbi uleule wa Sejong kwa maonyesho aliyoyaita ya mwisho, akawapandisha jukwaani waimbaji Joo Hyun-mi na Jo Hang-jo pamoja na washindi wachanga wa mashindano ya troti, ili wao waziendeleze nyimbo hizo.

Nilifurahi siku ya nishani, lakini furaha yangu ilikuwa na mwiba, nao haujatoka. Lawama ya 1965 haikuwa juu ya sauti, ilikuwa juu ya mlio, na mlio ule ulitoka kwa Paek Young-ho. Yeye ndiye aliyeambiwa kwamba alichokitunga si cha nchi yake. Alifariki mwaka 2003. Nishani ilipofika, alikuwa na miaka ishirini kaburini.

Jioni ile nilimwita yule binti, nikamsimulia habari ya beseni la barafu na ya baba aliyechukuliwa, nikamfungulia wimbo tangu mwanzo. Safari hii alikaa. Ulipokwisha aliuliza aliyeutunga anaitwa nani, akachukua kalamu, akaliandika jina lake kwa herufi za Kikorea nyuma ya daftari lake la hisabati.